Basi la Mandera na Abiria Waliokataa Kutengwa

Wazee wetu husema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Na ukitaka kuyapima maneno hayo barabara, panda basi liendalo Mandera. Kutoka Nairobi hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Safari ya Mombasa hadi Lamu, ambayo wengi wetu twaiona ndefu hata twaipigia dua mapema, haifiki nusu yake.

Basi hupakiwa juu ya keria hadi likawa kama jahazi lililoshehena: magodoro, masanduku, magunia, mitungi ya maji. Ndani wamo wafanyi biashara, akina mama na watoto wachanga, wanafunzi, askari waendao kazini, na waalimu waliopelekwa kusomesha mbali na makwao. Yuko Msomali, yuko Mkamba, yuko Mluhya, yuko Mborana. Kila mmoja ana lugha yake, lakini makanga akidai nauli, hudai kwa Kiswahili.

Huko Garissa basi huvuka daraja la mto Tana. Msomaji wa Kipini au Garsen na atulie hapa kidogo, maana maji yapitayo chini ya daraja hilo ndiyo yale yale yamiminikayo baharini kwake. Kwa miaka mingi lami iliishia Garissa. Kutoka hapo ilikuwa vumbi, mchanga na mabonde makavu ambayo watu wa huko huyaita laga. Mvua ikinyesha, bonde lililokuwa kavu asubuhi huwa mto jioni, na basi huweza kulala ng'ambo siku mbili tatu likingoja maji yapungue. Hapo ndipo mtu hujulikana. Mwenye tende hugawa, mwenye maji hutia kikombe akampa jirani yake kabla ya kunywa mwenyewe.

Wakati wa sala ukifika, dereva husimamisha gari. Maji ni machache, basi udhu huchukuliwa kwa uangalifu, kila tone na kazi yake. Mtu wa pwani asimamapo katika safu hiyo hajihisi mgeni, kwani Wasomali, kama sisi, ni watu wa madhehebu ya Shafi. Msafiri ameruhusiwa kupunguza: Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, na Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Abiria wasio Waislamu hunyosha miguu kivulini wakingoja. Hakuna alalamikaye.

Wajir ni mji wa visima. Ngamia huja kutoka mbali kunywa, na maziwa yao ndiyo yatiwayo katika chai ya msafiri. Waingereza waliotumikia hapo zama za ukoloni walijitilia mzaha wakaanzisha klabu ya mashua, wakaiita ya kifalme, na bahari iko mamia ya kilomita! Mbele yake ni El Wak, jina ambalo maana yake ni visima vya Mungu. Mwisho wa njia ni Mandera, penye kona ya nchi tatu. Upande huu Kenya, upande ule Uhabeshi, ng'ambo hii mji wa Bula Hawa wa Somalia. Hapo hupita mto Daua, ambao huungana na mwenziwe Ganale ukawa mto Juba, ukaenda kuingia baharini karibu na Kismayu. Kwa hiyo hata Mandera, iliyo mbali namna hiyo, maji yake huja kwetu Bahari ya Hindi.

KUTENGWA

Lakini njia hiyo ina historia ya kutenga watu. Wakoloni waliifunga nchi ile ya kaskazini, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya mashifta, vya mwaka 1963 hadi 1967. Mwezi wa Februari mwaka 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Kwa miaka mingi abiria wa njia hii akifika kwenye kizuizi huambiwa ashuke, aonyeshe kitambulisho, na mara nyingi mwenye sura ya Kisomali ndiye aliyehojiwa zaidi. Kijana wa kaunti za mpakani aliyetaka kitambulisho alipaswa kwanza kuhakikiwa na kamati. Utaratibu huo ulitangazwa kukomeshwa Februari 2025.

Kisha wakaja watenganishaji wa aina nyingine. Jumamosi tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na al-Shabaab. Abiria waligawanywa: aliyeweza kutamka maneno ya shahada upande huu, asiyeweza upande ule. Watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa waalimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Waalimu wengi wa kutoka sehemu nyingine wakaogopa kurudi kaskazini, na watoto wa Mandera, wengi wao Waislamu, wakabaki madarasani bila wa kuwasomesha.

JUMATATU ILE

Mwaka mmoja baadaye, Jumatatu tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilikuwa likienda Mandera likiwa na abiria zaidi ya 60. Karibu na El Wak likapigwa risasi likasimama. Amri ikawa ile ile: Waislamu hapa, wengine pale.

Safari hii abiria walikataa. Walionusurika walieleza kuwa akina mama walivua mitandio yao wakawapa wanawake wa Kikristo wajifunike, na wanaume wakasimama pamoja wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Waliobaki waliokoka, washambuliaji wakaondoka.

Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwemo Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi huko Mandera. Alilazwa hospitali huko Nairobi, na kitandani aliendelea kuwahimiza watu waishi pamoja kwa amani. Alifariki tarehe 18 Januari 2016, akazikwa kwao Mandera. Mwaka huo huo Serikali ikamtunukia nishani.

Habari ile ilivuka bahari. Mwaka 2017 wanafunzi wa chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi iitwayo Watu Wote, chini ya uongozaji wa Katja Benrath. Waigizaji wake husema Kiswahili na Kisomali. Filamu hiyo iliteuliwa kugombea tuzo la Oscar la mwaka 2018.

Sisi wa pwani jambo hili si la mbali. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya Lamu nayo yalianza kwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari, na abiria wakazoea kushuka kwenye vizuizi vitambulisho mkononi. Katika viti vile vile hukaa Mbajuni, Mgiriama, Mpokomo na Mkikuyu.

Kuna wanaouliza kama inafaa Mwislamu kumvisha asiye Mwislamu mtandio ili kumficha. Wale akina mama hawakuwa na nafasi ya kwenda kumwuliza shekhe. Walikuwa wamelala njiani pamoja na watu wale, wamekula nao, wameona watoto wao wakishikwa na kubembelezwa na mikono isiyokuwa ya Kiislamu. Haki ya mwenzi wa safari walifunzwa toka utotoni, kama tulivyofunzwa sisi chuoni, na saa ya kuitimiza ilipofika hawakuihesabu kuwa mzigo.