Mboga zilizosingiziwa

Muulize mtoto anayetoka jikoni leo mboga ni nini, huenda akakujibu kwa furaha: "Nyama!" Wala hajakosea. Katika Kiswahili cha nyumbani, mboga ni chochote cha kuteremshia ugali: kunde, dagaa, maharagwe, hata kuku. Lugha haikujenga ukuta kati ya mla majani na mla nyama. Iliuliza tu kama ugali una mwenzake au utamezwa mkavu.

Ukuta huo ulijengwa kwingine. Mwaka 1847 Waingereza walikutana katika mji wa Ramsgate wakaunda chama cha watu wasiokula nyama. Mwaka 1944, Donald Watson na wenzake wakaenda mbali zaidi, wakayakataa maziwa na mayai pia, wakajiita vegan. Kwa wengi wao, kuacha nyama kulikuwa hiari ya mtu aliyeweza kwenda buchani akaamua kutokwenda. Kwetu, sahani ya majani matupu ikawa aibu. "Kwani mimi ni mbuzi?" huuliza mwanamume akiona mchicha peke yake mezani. Dharau hiyo ina mizizi mingi, na mmoja wake ulipaliliwa na wanasayansi.

Katika miaka ya 1920, John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba katika koloni la Kenya, waliongoza uchunguzi wa makabila mawili jirani. Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu; Wakikuyu kwa nafaka, viazi vitamu, ndizi na jamii ya kunde. Matokeo yalichapishwa mwaka 1931. Kwa wastani mwanamume Mmasai alimzidi Mkikuyu kwa urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23, na nguvu za misuli yake zilikuwa kubwa kwa nusu nzima. Wakikuyu walionekana kuandamwa zaidi na upungufu wa damu, meno mabovu, mifupa iliyopinda na maradhi ya mapafu. Wamasai nao walikuwa na yao, hasa kufunga choo na baridi yabisi, lakini hayo hayakuvuma.

Orr hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1945 alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mpaka leo watetezi wa ulaji wa nyama huko ng'ambo huutaja uchunguzi huo kama hukumu iliyokwisha kutolewa: tazameni mimea inavyowadhoofisha watu.

Mizani ya Orr na Gilks iliwapima watu. Haikupima shamba. Wakikuyu waliopandishwa juu yake walikuwa wamenyang'anywa sehemu ya ardhi yao ili walowezi wapande kahawa. Kodi ya kibanda ilikuwa imeanza mwaka 1901, na kufikia 1920 kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande, hati ya utambulisho na kazi. Wanaume waliacha nyumbani mashamba yenye mazao mchanganyiko, wakaenda kulala kwenye kambi za vibarua. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliufukua uchunguzi huo mwaka 1997 akaonyesha jinsi hali ya watu waliobanwa na ukoloni ilivyoandikwa kana kwamba ni desturi yao ya tangu jadi.

Kambini walikula posho. Neno hilo limetembea sana. Lilikuwa kipimo cha unga wa mahindi anachopewa kibarua. Uganda likageuka jina la ugali wenyewe. Tanzania likapanda cheo hadi bungeni, likawa fedha za vikao. Lakini kibarua wa kambini hakupata zaidi ya unga. Afya yake ilipodhoofika, lawama ikaangukia mimea, ilhali aliyeamua ale nini alikuwa mwajiri wake.

Jibu lilikuwemo ndani ya ripoti yenyewe ya Orr na Gilks. Kati ya wanawake wa makabila hayo mawili, pengo la afya lilikuwa dogo kuliko kati ya wanaume. Wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila majani ya kijani ambayo waume zao hawakuyala. Ukitembea shambani na wanawake wa sehemu hizo utayakuta bado: terere, managu, togotia, thabai iwashayo mkono mpaka ipikwe. Palikuwa pia na njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo mama aliyejifungua hupikiwa arudishe nguvu. Maofisa wa kilimo wa kikoloni walisukuma maharagwe yenye soko Ulaya, na njahi zikapoteza nafasi.

Vivyo hivyo mboga za kigeni zikapata heshima kuliko za kienyeji. Sukuma wiki, ambayo leo twaidhania ya mababu, ni ndugu wa kabichi aliyekuja na wageni. Managu ikaitwa magugu.

Aliyekataa jina hilo ni Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha mboga na matunda katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Alipokuwa mtoto magharibi mwa Kenya, mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, akakuzwa kwa mboga za kienyeji. Alipoingia chuoni akakuta mimea iliyomlea imehesabiwa kuwa magugu. Tangu miaka ya 1990 amekusanya mbegu, akapima virutubisho, akawafundisha wakulima. Leo managu, saga na mrenda vimefungwa mafungu kwenye rafu za supamaketi za Nairobi.

Sasa mizani mpya imeletwa. Ripoti ya wanasayansi iliyotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet inapendekeza takriban gramu 14 za nyama nyekundu kwa siku, kwa ajili ya afya na ya sayari. Kwa nchi zinazokula nyama asubuhi, mchana na jioni, ushauri huo una uzito. Lakini mfugaji wa Kajiado au Turkana, ambako mvua haitoshi kuivisha mahindi, anaishi kwa maziwa kwa sababu ardhi yake inaotesha nyasi. Jana Mkikuyu aliambiwa amedhoofika kwa kukosa maziwa ya Mmasai; kesho Mmasai asije akaambiwa ng'ombe wake ndiye anayeichoma dunia. Mara zote mbili, tuulize kwanza: ni nani aliyeshika mizani, na nani aliyeshika shamba?

Mama anayepika saga magharibi mwa Kenya huichemsha kupunguza uchungu, akaimiminia maziwa, akaiacha ilale hadi siku ya pili ndipo ilainike. Chama cha Watson kisingeipokea sufuria hiyo kwa sababu ya maziwa, naye Orr angeyasifu maziwa yaleyale. Mama mwenyewe huiita mboga tu.