Siri ya Ua Mnene

Mtu anayezungushia nyumba yake ua wa miti hutafuta sitara. Kwa hiyo huona uchungu kuukata. Huuacha urefuke, akidhani kimo ndicho kitakachomficha. Baada ya miaka michache ua huwa mrefu juu na mtupu chini, na macho ya wapita njia hupenya bila kizuizi. Sababu imo ndani ya mmea wenyewe.

Katika kila pembe baina ya jani na shina mna chipukizi dogo lililolala. Linazuiwa kuamka na ncha ya shina, ambayo hutengeneza homoni iitwayo oksini na kuiteremsha shinani. Mwaka 1933 wataalamu Kenneth Thimann na Folke Skoog walieleza majaribio yao: walipokata ncha ya mche, machipukizi ya kando yalikua, walipoweka oksini mahali palipokatwa, yalibaki yamelala. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba sukari nayo inahusika: ncha inayokua huitumia kwa wingi, na ikiondolewa, sukari huyafikia machipukizi.

Basi ni mkasi unaoleta unene. Miche ipandwe safu mbili zinazopishana, na ikatwe ncha ingali na kimo cha goti. Kisha kila ichipuapo, machipukizi mapya yapunguzwe nusu. Ua uwe mpana chini na mwembamba juu, ili mwanga uyafikie majani ya chini. Tawi lililonyimwa mwanga hupukutisha majani na hatimaye hufa.

Uchaguzi wa mti nao wataka busara. Mchongoma (Flacourtia indica) una miiba, na matunda yake huliwa. Mnyaa (Euphorbia tirucalli), ambao jina lake la Kimasai hudhaniwa kuwa asili ya jina la Ziwa Manyara, huota kwa kipande cha tawi na hustahimili ukame. Lakini utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kupofusha. Usipandwe wanapocheza watoto, wala mkataji asijipanguse uso kabla ya kunawa.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii kwa miche kumi ya maharage. Mitano ikatwe juu ya jozi ya kwanza ya majani, mitano iachwe. Baada ya wiki mbili wanafunzi wahesabu matawi ya kila mche, wayalinganishe na kueleza tofauti waionayo.