Mpango wa uzito kazini: waulizeni pia walioacha

Naandika kutoka Kisumu, lakini jambo lenyewe ni letu sote. Karani wa hapa na karani wa Mombasa siku zao zafanana: kiti tangu asubuhi, chai ya sukari saa nne, kisha bodaboda hadi mlangoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 nchini wana uzito uliozidi. Kwa wanawake ni karibu 39. Uzito huo huandamana na presha na kisukari. Basi mwajiri akileta mizani na mwalimu wa mazoezi, twashukuru.

Lakini tutajuaje kama mpango umefaa?

Tuseme ofisi ina watu 100. Wanajiandikisha 40, wanamaliza 15, na hao 15 wanapungua kilo tatu kila mmoja. Ripoti itasifu. Je, wale 25 walioacha? Na 60 ambao hawakuja? Mara nyingi anayejitokeza ni yule aliyekwisha kuujali mwili wake. Anayehitaji zaidi huona haya kupanda mizani mbele ya wenziwe.

Marekani, watafiti walichagua kwa kura matawi 20 ya maduka ya BJ's Wholesale Club yapate mpango wa afya, mengine yasipate. Matokeo ya miezi 18 yalichapishwa mwaka 2019. Wafanyakazi wa matawi yale 20 walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao. Walipopimwa, uzito na presha havikutofautiana na vya wenzao, wala siku za kukosa kazi.

Sisemi tuache. Nasema tupime kwa haki. Kampuni yenye ofisi Kisumu, Homa Bay na Mbita ipige kura ni ipi ianze, kisha ilinganishe na zinazosubiri. Watu wapimwe faraghani, kwa hiari, kwa mizani ileile. Msimu uwe mmoja: aliyepimwa mwisho wa Ramadhani na aliyepimwa baada ya karamu za Idd hawalinganishiki. Walioacha wahesabiwe, na wote wapimwe tena baada ya mwaka, kwani kilo zilizoondoka kwa mashindano hurudi.

Pesa za mpango usiofaa zingeweza kununua maji safi ya kunywa ofisini, au kulipia muda wa kutembea mchana. Kwa hiyo mkiletewa ripoti ya ushindi, ulizeni kwanza: walioanza walikuwa wangapi?