Mikunjo ya uso: maswali ya kuuliza kabla ya kukubali sindano

Sisi watu wa pwani tunaoishi Kitengela na Kajiado tumekuwa wengi. Tukikutana harusini au hitimani, kina dada wa rika langu, waliovuka arubaini, wana swali moja siku hizi. Linahusu ile mikunjo miwili inayotoka pembeni mwa pua ikateremka mpaka pembe za mdomo. Wengine wameonyeshwa matangazo kwenye simu, wengine wameambiwa na msusi wao kwamba kuna mtu anayekuja saluni na sindano zake. Mimi si daktari. Lakini nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo maswali ninayoyapata sana pamoja na majibu yake.

Mikunjo hii inaletwa na nini?

Kila mtu anayo, hata mtoto mchanga akicheka. Umri ukisogea, mafuta ya shavuni huteremka, mfupa ulio pembeni mwa pua hupungua, na ngozi hupoteza kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoishikilia. Mkunjo uliokuwa ukija na kicheko na kuondoka nacho sasa unabaki.

Jua nalo lina mkono wake. Kibaridi cha Kitengela kinatudanganya. Huku tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale inayoharibu ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hivyo jua la huku, ingawa halichomi kama la Mombasa, linakula ngozi zaidi. Na anayepaka mkorogo wenye dawa za steroidi anaifanya ngozi yake iwe nyembamba na dhaifu kabla ya wakati.

Kipandikizi na sindano ya kujaza ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kipandikizi ni kipande kigumu kiasi, mara nyingi cha silikoni, ambacho daktari mpasuaji hukiweka juu ya mfupa pembeni mwa pua. Hupitia ndani ya mdomo au ndani ya tundu la pua, ili kovu lisionekane. Kinasukuma mbele pale palipobonyea. Hakiyeyuki, kinakaa mpaka kitolewe kwa upasuaji mwingine.

Sindano ya kujaza ni majimaji mazito yanayodungwa chini ya mkunjo. Inayotumika zaidi duniani ni ya asidi ya hayaluroniki, ambayo hata mwili wenyewe huitengeneza. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo, Restylane, mwaka 2003, na ilikuwa kwa ajili ya mikunjo hii hii. Hudumu miezi 6 hadi mwaka au kupita kidogo, kisha mwili huimeza. Kwa hivyo ukianza, ujue ni gharama ya kurudia.

Na Botox je? Hiyo haijazi kitu. Inalegeza misuli, na kazi yake kubwa ni mikunjo ya kipaji na kandokando ya macho. Anayekuahidi kwamba Botox itafuta mkunjo wa pembeni mwa pua, muulize maswali zaidi.

Ni za watu wanaojipenda tu?

Si lazima. Kuna waliopoteza mafuta ya usoni kwa sababu ya dawa za zamani za Ukimwi, hasa stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iachwe mwaka 2009. Mashavu yaliingia ndani na majirani wakajua siri isiyowahusu. Sindano iitwayo Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu hao. Kuna pia waliozaliwa na mdomo wa sungura, ambao pembeni mwa pua pamebonyea.

Dini inasemaje?

Swali hili linaamuliwa na wanachuoni, nami nawaachia. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wao hutenganisha kuondoa aibu au madhara na kubadilisha umbo kwa kutafuta uzuri tu. Hutaja kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu. Muulize sheikh wako ukimweleza hali yako ilivyo.

Pia uliza kilichomo. Kolajeni ya sindano imewahi kutengenezwa kutokana na ng'ombe na pia nguruwe. Asidi ya hayaluroniki ya siku hizi kwa kawaida hukuzwa kwa bakteria maabarani. Una haki ya kuomba kuona boksi na kusoma.

Hatari yake ni nini?

Kuvimba na kuvia damu kwa siku chache ni kawaida. Kwa kipandikizi, uvimbe unaweza kuchukua wiki moja au mbili, na kuna hatari ya kuingia vijidudu, kusogea, upande mmoja kuzidi mwingine, au ganzi mdomoni. Mwenye makovu yanayovimba, mwenye sukari isiyodhibitiwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito na anayenyonyesha lazima waseme mapema.

Jambo la kuogopwa zaidi ni sindano kuingia kwenye mshipa wa damu. Pembeni mwa pua hupita mshipa unaoungana na ile ya jichoni. Ukizibika, ngozi inaweza kufa na jicho likapofuka. Dalili ni maumivu makali, ngozi kupauka au kuwa na madoa ya kijivu na zambarau, au macho kuona giza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani haraka, kwa hivyo usipuuze maumivu. Ikiwa kilichodungwa ni asidi ya hayaluroniki, kuna dawa ya kuiyeyusha iitwayo hayaluronidesi, lakini dakika zinahesabika. Ndiyo maana kuchomwa sindano saluni kisha ukapanda matatu ya Namanga kurudi nyumbani ni kucheza na macho yako. Jam ya Mlolongo haimsubiri mgonjwa.

Halafu kuna silikoni ya maji. Hiyo Marekani haijaidhinisha kujaza uso wa mtu, kwa sababu husambaa, huleta vinundu hata baada ya miaka, na haiyeyushwi. Mara nyingi hiyo ndiyo ya bei rahisi. Rahisi hapa inaweza kuwa ghali ya maisha.

Nitamjuaje daktari wa kweli?

Mwishoni mwa 2024 mwanamke alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki moja ya Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga. Baraza hilo lina orodha kwenye tovuti yake ya madaktari na vituo vyenye leseni. Tafuta jina la daktari, kisha tafuta jina la kliniki. Moja likikosekana, ondoka.

Ukifika, muulize hivi: Hii ni dawa gani na naweza kuona boksi lake? Hayaluronidesi ipo hapa leo? Nikipata tatizo usiku nampigia nani? Umefanya kazi hii mara ngapi? Daktari wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Akikuharakisha, au akikupa bei ya ofa ya leo tu, hilo ni jibu tosha.

Wahenga wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sikatazi mtu. Lakini anza na kilicho salama: mtandio au kofia juani, mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, kuacha mkorogo na sigara. Baada ya hapo, ukiamua sindano au kipandikizi, nenda kwa mwenye leseni, ukiwa na mtu wa kukusindikiza, na ukae karibu na kliniki hiyo mpaka uwe na hakika uko salama.