Asilimia 51 Isiyofika Uwanjani

Shabiki wa Hammarby, klabu ya soka ya Stockholm, anayeishi Fittja hulipa kodi yake kwa manispaa ya Botkyrka. Fittja ina kituo kwenye njia nyekundu ya treni za Stockholm tangu 1972, lakini haimo ndani ya mipaka ya Jiji la Stockholm. Siku ya mechi shabiki huyo hupanda treni, hubadilisha njia Slussen, hushuka Globen na kuingia 3Arena, uwanja wa watazamaji takriban 30,000 ambao ni mali ya Jiji asilolilipa kodi. Anacholipa ni tiketi. Sehemu ya fedha hiyo inabaki kwa timu, na sehemu inapita kwa timu tu, ikielekea kwa mwenye uwanja.

Nani mwenye timu? Kwa Sweden swali hili lina jibu la kikanuni. Tangu 1999, katika klabu inayoanzisha kampuni ya kuendesha mpira, lazima chama cha wanachama kibaki na kura nyingi. Ndiyo kanuni ya asilimia 51. Mwaka 2013 walijitokeza waliotaka ifutwe, mashabiki wakasimama kidete, ikabaki. Wasweden wanajivunia kanuni hiyo, na wana haki. Ila ukiisoma kwa jicho la mhasibu utaona inaishia kwenye daftari la hisa. Kuhusu nyasi, viti, vibanda vya vyakula, mabango na jina lililoandikwa juu ya paa, haisemi kitu.

Hammarby ndio mfano mzuri zaidi. Mwaka 2001, mwaka uleule walipotwaa taji lao la kwanza la ligi, kampuni ya Marekani ya AEG ilinunua asilimia 49 ya Hammarby Fotboll AB. Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo ilikabidhiwa uendeshaji wa viwanja vya eneo la Globen, vinavyomilikiwa na Jiji. Mwaka 2013 Hammarby ikaiacha Söderstadion, ikavuka hatua chache tu hadi uwanja mpya uliokuwa ukiitwa Tele2 Arena, ndio 3Arena ya leo. Kuanzia hapo AEG ilikuwa imekaa pande zote mbili za meza: mwenye hisa wa mpangaji, na msimamizi wa nyumba ya mwenye nyumba.

Sisemi kwamba kuna aliyepunjwa. Nasema mpangilio wa namna hiyo unahitaji kuangaliwa kwa macho mawili, kwa kuwa kila krona inayopungua kwenye pango inaongeza faida ya klabu, ambako mwekezaji anapata chini ya nusu, na kila krona inayoongezeka inaingia kwenye biashara ya uwanja, ambako hana mwanachama wa kugawana naye. Mwekezaji mwenye busara anajua mfuko upi una tundu.

Novemba 2019 Zlatan Ibrahimović, aliyekuwa ametoka LA Galaxy ya haohao AEG, alinunua nusu ya hisa walizokuwa nazo wakati huo na kupata takriban asilimia 23.5. Kule Malmö, alikozaliwa, sanamu yake ilishambuliwa na mashabiki wenye hasira, na magazeti yakajaa habari za usaliti. Swali la kibiashara lilikuwa baridi zaidi. Alichonunua ni sehemu ya kampuni inayopanga. Hata kiti kimoja cha uwanja hakikuwa ndani ya bei.

Ugumu wa kujadiliana unazidi kwa sababu Djurgården nao walihamia hapohapo mwaka uleule wa 2013, wakitoka uwanja wa Olimpiki ya 1912. Mahasimu wawili, mwenye nyumba mmoja. Hakuna anayeweza kutishia kuhama, kwa kuwa ndani ya Jiji hakuna uwanja mwingine wa ukubwa huo, na ule wa Solna, nje ya mpaka, ndio makazi ya klabu ya AIK.

Huku chini, kwenye klabu za mitaa ya Fittja, Alby na Hallunda, hesabu ni ndogo lakini ni ileile. Viwanja ni vya manispaa, na kinachogombewa ni saa: nani apate nyasi bandia saa kumi na mbili jioni mwezi Februari, nani asukumiwe saa tatu usiku wakati watoto wanapaswa kuwa kitandani. Serikali hutoa ruzuku kwa mazoezi ya watoto na vijana, kulingana na mahudhurio. Bila saa nzuri mahudhurio hushuka, na ruzuku hushuka nayo. Sasa umeongezeka mzigo mwingine: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo la uuzaji wa chembe za mpira zinazomwagwa kwenye nyasi bandia, litakaloanza kubana 2031. Hatimaye mwenye uwanja atalazimika kubadilisha. Hapa ndipo kuwa mpangaji kunalipa: bili ya nyasi humfuata mwenye hati.

Mgogoro ukifika mwisho wake unafanana na Coventry City ya Uingereza. Klabu hiyo iliacha uwanja wake wa Highfield Road mwaka 2005 na kwenda kupanga katika uwanja mpya kwa zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka, huku sehemu kubwa ya mapato ya vyakula na maegesho ikiwa si yake. Ilipoporomoka daraja, pango halikuporomoka nayo. Mwaka 2012 wamiliki wa klabu waligoma kulipa. Msimu wa 2013/14 timu ikacheza mechi za "nyumbani" Northampton, zaidi ya kilomita 50 kutoka kwa mashabiki wake. Mwaka 2014 uwanja ukanunuliwa na Wasps, klabu ya raga kutoka kwingine kabisa, nayo ikafilisika 2022. Ilichukua hadi 2025 Coventry kuununua.

Tukirudi nyumbani Tanzania, klabu za Simba na Yanga nazo zina 51 yao. Wanachama wa Simba walikubali mwaka 2017 mfumo wa hisa, ambao hatimaye ukawa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa uwekezaji, na jina la mfanyabiashara Mohammed Dewji na ahadi ya shilingi bilioni 20 vikatawala mjadala kwa miaka. Tumebishana hadi povu kuhusu 49. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wa watu 60,000, uliofunguliwa 2007, ni wa Serikali, na haumo katika asilimia yoyote. Baada ya mechi klabu hupokea kilichobaki baada ya makato: VAT kwanza, kisha gharama za uwanja, shirikisho la soka (TFF), Bodi ya Ligi, chama cha mkoa na wengineo. Atakayesoma mgawo huo mstari kwa mstari ataona kwamba mwenye uwanja hana siku mbaya. Timu ikifungwa, yeye ameshakata chake.

Mkapa ulipofungwa kwa ukarabati, wakubwa hao wawili walilazimika kutafuta hifadhi. Yanga walikaa Azam Complex, Chamazi, uwanja wa watu takriban 10,000, mali ya kundi la kampuni linalomiliki Azam FC, mshindani wao kwenye ligi. Baadaye KMC Complex ya Kinondoni ikawa kimbilio lao na la Simba. Klabu inayoweza kujaza watu 60,000 ikiuza viti 10,000, hasara haipo kwenye pango. Ipo kwenye viti ambavyo havipo.

Azam wao walielewa biashara hii mapema. Wana uwanja, wana timu, na kampuni dada ya Azam Media ilisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mpinzani akija Chamazi, wanapata chochote kitu kila upande wa lango.

Lakini mgogoro mkubwa wa Tanzania uko mikoani. Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza, Mkwakwani wa Tanga, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, Sheikh Amri Abeid wa Arusha, Majimaji wa Songea: vyote ni vya Chama Cha Mapinduzi (CCM). Vingi vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, wakati chama na Serikali vilikuwa havitenganishiki. Vyama vingi viliporudi 1992, hati zilibaki chamani. Upinzani umedai mara nyingi virudishwe kwa umma. Chama kinajibu kwamba ni mali yake halali. Mwaka 2018 tume iliyoongozwa na Dk. Bashiru Ally iliwasilisha ripoti ya uhakiki wa mali za chama, na muda si mrefu yeye mwenyewe akawa Katibu Mkuu.

Chukua Mbeya City. Ni klabu iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji, yaani chombo cha umma, na nyumbani kwake ni Sokoine. Hapo fedha yenye asili ya umma inalipa gharama za uwanja kwa chama cha siasa, kwa ajili ya jengo ambalo baba za mashabiki walichangia. Wakaguzi wa TFF wakija na kusema nyasi hazifai, uwanja unafungiwa, na adhabu inamwangukia mpangaji: anahama mji, analipia mabasi na hoteli, anapoteza viingilio. Mwenye uwanja anapoteza pango la mechi chache. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kisheria wa kukarabati, na ndiye asiye na haraka. Mpangaji naye akitia fedha zake anakuwa kama aliyepaka rangi chumba cha kupanga: mwaka kesho mwenye nyumba anapandisha kodi kwa sababu chumba kimependeza.

Ndiyo maana nadhani kelele za kutaifisha, hata kama zina haki ndani yake, zinaziacha klabu palepale. Uwanja ukihamia halmashauri, mpangaji ni yuleyule. Kinachobadilisha hesabu ni mkataba wa miaka 15 au 20, wenye kipaumbele cha ratiba, mgao wa mabango na vibanda, na kipengele cha kufidiwa ukarabati. Wakenya wanalijua hili la ratiba: klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zimekuwa zikihama kati ya Nyayo na Kasarani, viwanja vya Serikali, kila linapotokea tamasha, sherehe za kitaifa au ukarabati.

Singida Black Stars wamechukua njia nyingine. Badala ya kubaki Liti, uwanja wa CCM, mwaka 2025 walifungua wao wenyewe, ukabeba jina la Airtel. Ni mdogo. Lakini fedha ya jina inaingia kwao, na tarehe ya mechi hawaiombi kwa mtu.

Wakati huohuo AFCON ya 2027 inajenga viwanja vipya ambavyo mashindano yakiisha vitahitaji wapangaji: Arusha wa watu 30,000, na Talanta wa Nairobi wa watu 60,000, uliokusanyiwa fedha za wawekezaji katika soko la hisa, takriban shilingi bilioni 44.8 za Kenya. Wawekezaji hao wanadai riba yao, mvua inyeshe jua liwake. Klabu zitakazoitwa kucheza humo zina muda hadi 2027 kuomba rasimu ya mkataba na kuusoma ukurasa wa mapato ya pembeni kabla ya ule wa pango.