Maharage, Moto na Muda wa Mwanafunzi

Gharama ya chakula cha mwanafunzi anayejipikia chumbani, hasa katika miji yenye vyuo vingi kama Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya, kwa kawaida hupimwa kwa bei ya kilo ya unga, mchele au maharage, ilhali kinachomlemea zaidi mpishi wa namna hiyo ni moto na muda. Maharage yanalionyesha jambo hilo waziwazi. Katika kila gramu 100 za maharage makavu, gramu 20 hadi 25 ni protini, na ni vigumu kuipata protini hiyo sokoni kwa bei iliyo chini zaidi; lakini kwa kuwa yasipoandaliwa huweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi, mwanafunzi mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 huyaogopa, akaishia kwenye chipsi mayai kila jioni, na fedha za kujikimu, au bumu kama zinavyoitwa vyuoni, zikamwishia muhula ukiwa bado mbichi.

Ugumu wa maharage unatokana na pektini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha seli za mmea, ambayo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya punje na katika maji ya chumvichumvi ya visima vingi. Kuyaloweka usiku kucha huyapa maji nafasi ya kupenya mpaka kiini, hivyo muda wa kuyachemsha hupungua sana, na wala hakumgharimu mtu kitu kwa sababu kazi hiyo hufanyika akiwa amelala. Imani kwamba chumvi hukaza maharage haina mashiko: kijiko cha chumvi katika maji ya kulowekea husaidia ganda kulainika, kwa kuwa sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu. Kinachokaza hasa ni uchachu, na ndiyo maana nyanya, ndimu au ukwaju haviingii chunguni mpaka punje ziwe zimeiva. Magadi nayo hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni. Anayeloweka hana haja nayo. Kwa upande wa ununuzi, maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa sugu hata yakilowekwa, kwa hiyo bei ya kutupa ya maharage ya zamani mara nyingi hulipwa upya kwa gesi.

Maji ya kulowekea yamwagwe, kisha maharage yachemshwe katika maji mapya. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, yaani aina ya protini inayonata kwenye kuta za utumbo na kuleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na punje nne au tano mbichi zaweza kutosha kumwangusha mtu mzima. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayotokota kwelikweli, ambapo nusu saa inatosha kwa usalama, lakini haivunjwi ipasavyo na moto hafifu usiofikisha mtokoto.

Baada ya hapo, moto mkali haufai kitu. Maji yakishatokota hayapandi joto tena hata gesi ifunguliwe mpaka mwisho. Nishati inayozidi huishia kuyageuza kuwa mvuke, na kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati zaidi ya mara 6 ya ile iliyoyafikisha kwenye mtokoto kutoka joto la chumbani. Mfuniko na moto mdogo, basi, ndivyo vinavyookoa mtungi. Anayeishi Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, atambue kwamba maji yake hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam, na kwa hiyo maharage yaleyale humchukua muda mrefu zaidi. Ipo pia njia ya kuzima jiko kabisa: sufuria iliyojaa vizuri, ikishatokota nusu saa, hufunikwa, husogezwa mbali na moto na kuzungushiwa blanketi zito kwa saa tatu au nne, muda wa vipindi viwili vya darasani, na ikifunuliwa huchemshwa tena kidogo mpaka punje zilainike.

Maharage yaliyochemshwa matupu yana faida kuliko yaliyokwisha kuungwa, kwa kuwa sehemu moja yaweza kuungwa kwa nazi na kuliwa na wali, nyingine kwa kitunguu na nyanya kwa ajili ya ugali, na nyingine kuchanganywa na mahindi yaliyokobolewa kuwa makande. Mchanganyiko huo una maana kilishe, kwani maharage yana lisini kwa wingi, moja ya asidi amino zinazojenga protini ya mwili, ambayo ni chache katika mahindi na mchele, nayo nafaka hizo hufidia methionini iliyo pungufu katika maharage.

Tatizo linalobaki ni kiporo. Vijidudu vya aina ya Bacillus cereus huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, nazo huota katika wali au maharage yaliyoachwa penye joto la chumba, na baadhi ya sumu zake haziharibiwi na kupashwa moto. Chakula kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na mapema zaidi katika joto la Dar es Salaam. Asiye na friji, na katika mageto ndio wengi, hanufaiki kwa kupika cha siku tatu. Humfaa zaidi kuchanga na wenzake, kwani nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja yakiiva, nayo huisha jioni ileile kwa mtungi mmoja badala ya minne.