Msimamizi wa nyumba kakuchunia? Usingoje akurushie vyombo!

Siku ya kodi anakuja alfajiri, mswaki mdomoni, salamu kibao. Mwambie choo kimejaa au mkataba unakwisha, uone! Simu inaita mpaka inachoka, na ukimkuta kilabuni anakwambia, "Njoo kesho, mjomba." Huyo ndiye msimamizi wa nyumba, na wapangaji wa Lukuledi, Masasi mjini na Newala wanamjua fika.

Kasheshe inaanzia hapa. Mwenye nyumba mara nyingi yuko Dar au Mtwara mjini, nyumba kamwachia mpwa wake au jirani. Huyo anapokea pesa, lakini uamuzi hana. Badala ya kusema ukweli, anapiga danadana.

Tatizo linakuwa zito zaidi msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada inapamba moto, pesa inaingia, wageni wanatafuta vyumba. Chukulia dada fundi cherehani ambaye mkataba wake unakwisha Novemba. Kauliza tangu Septemba, hajajibiwa. Ghafla anaambiwa kodi imepanda, tena atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, la sivyo kuna mtu na pesa yake mkononi. Wateja wanajua kibaraza kile kile, watoto wanasoma shule ya jirani. Aende wapi?

Wazee watakwambia zamani kodi ilikuwa na mwenyewe. Ni kweli, Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 iliwabana wenye nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005. Leo bei ni maelewano, kwa hiyo ngao yako ni karatasi.

Basi fanya hivi. Kwanza, miezi miwili au mitatu kabla ya mkataba kwisha, andika barua. Taja chumba, tarehe ya mwisho, kodi unayolipa na kwamba unataka kuendelea. Nakala moja mpe msimamizi asaini, nyingine ibaki kwako. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa awe shahidi.

Pili, omba namba ya mwenye nyumba mwenyewe. Kama msimamizi anasema yeye ndiye kila kitu, akuonyeshe maandishi aliyopewa. Mpwa kuwa mpwa siyo hati.

Tatu, usilipe mkononi bila risiti. Lipa kwa simu au benki, na ule ujumbe usiufute. Kugoma kulipa eti kwa sababu hajibu simu ni kumpa fimbo ya kukuchapia.

Nne, kama hamna maandishi na unalipa mwezi kwa mwezi, usitishwe na "toka kesho". Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji wa namna hiyo unavunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi unacholipia. Unalipa kwa mwezi? Basi notisi ni mwezi.

Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha, na limepewa siku 30. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko hawataki machozi, wanataka ile barua, risiti na shahidi.

Nanyi wasimamizi, mpangaji anayeuliza mapema siyo msumbufu. Huyo ndiye anayelipa. Kama mwenye nyumba anataka kupandisha, semeni Septemba, mtu ajipange au atafute kwingine kwa heshima. Kumnyamazia mpaka siku ya mwisho ndiko kunakoleta ugomvi, vyombo nje, na mtaa mzima kushuhudia sinema ya bure.

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Na chumba je? Leo jioni toa mkataba wako kabatini, angalia tarehe.